Kijumba cha mawe Ludlow, mbwa ruhusa: siku tatu pamoja na mama kutoka Wete

Naanza na kopo, mana ndo lilokuwa la kwanza kuingia kwenye begi. Mama alipoambiwa na dada kwamba tutakwenda kukaa shamba siku tatu, nyumba ya kukodi, na Tofi naye yumo safarini, hakuuliza bei wala hakuuliza baridi, kauliza huko msalani mna maji au mna makaratasi matupu? Dada akacheka, akasema makaratasi. Basi kopo lake la plastiki la kijani, alotoka nalo Wete kule Pemba mpaka Unguja mpaka Birmingham, Uingereza, likafungwa ndani ya kanga likawekwa juu kabisa ya nguo.

Tofi ni mbwa. Najua washaanza watu kukunja pua, na mie nlikuwa hivohivo, nimekulia Wete, mbwa ninaemjua ni yule koko anaezunguka jaani usiku, ukimuona unaokota jiwe. Lakini huyu hakufugwa kwa mapambo. Mtoto wa dada yangu aliumwa macho akiwa bado skuli na sasa haoni kabisa, ana miaka 19, na Tofi ni mbwa wa kuongoza wasioona, mchanganyiko wa labrado na golden retriever, katoka kwenye lile shirika lao la Guide Dogs. Hao si wa juzi, mbwa wao wanne wa mwanzo walimaliza mafunzo mwaka 1931, na mwenye kupewa mbwa halipi thamani yake, anatoa nusu pauni tu ya kukamilisha makabidhiano, basi. Mama alikataa hata kusikia habari yake kwenye simu mwaka mzima. Alipofika Birmingham akamuona mjukuu wake anashuka kwenye basi peke yake, anavuka barabara, anafika mlangoni peke yake, akanyamaza. Kunyamaza si kukubali lakini, kila Tofi akipita alikuwa anakusanya kanga yake mpaka magotini.

Sasa nyumba yenyewe. Iko kama kilomita tano nje ya Ludlow, mkoa wa Shropshire, magharibi huko karibu na mpaka wa Wales. Kutoka Birmingham tulikwenda saa moja na nusu kwa gari pamoja na kusimama kununua nyama ya halali na kuku, na nakuambieni mapema, nunueni Birmingham kabisa mubebe kwenye kiboksi cha barafu, msisubiri mfike ndo mkaanze kuuliza. Jina la nyumba sitolitaja, mana nina malalamiko na bibi mwenyewe ni mtu mwema, sitaki kumharibia riziki yake. Ni kijumba cha mawe cha zamani, kuta nene kama za Mji Mkongwe, ukikaa dirishani mkono mzima unalala kwenye unene wa ukuta, tafauti ni kuwa kwetu ukuta unazuia joto na kule unazuia baridi. Boriti za dari ziko chini, shemeji ni mrefu, siku ya kwanza kajigonga kichwa mara tatu, ya nne akaanza kuingia kila chumba kakunja shingo kama anaingia bandani kwa kuku. Juu vyumba vitatu, chini jiko, sebule yenye jiko la chuma la kuni, na nyuma kijichumba ambacho ntakieleza mana ndo sababu ya kuandika hivi virefu.

Bei ilikuwa pauni 480, Ijumaa mpaka Jumatatu, kwa pesa yetu inapita milioni na nusu, tukagawana. Ilikuwa mwisho wa Oktoba, skuli zao zina mapumziko ya wiki, kwa hivo kila kitu kimepanda. Juu yake wakaongeza pauni 25 za mbwa. Hizo nazo nina maneno nazo, subirini.

Kijichumba cha nyuma. Unaingilia mlango wa uani, sakafu ni mawe matupu, hakuna zulia hata kipande, kuna benchi la kukaa ukavua mabuti ya tope, na nje ya mlango pana bomba fupi linalotoa maji ya uvuguvugu, limewekwa kimo cha goti makusudi kwa kumkosha mbwa miguu kabla hajaingia. Ukutani vigingi, kwenye vigingi mataulo manne mazito ya rangi ya kahawia yameshonewa alama ya wayo wa mbwa. Chini kitanda chake, bakuli mbili za chuma, bati la biskuti zake, na gombo la vifuko vyeusi vya kuokotea uchafu wake mana huko usipookota unapigwa faini. Mama akasimama pale na koti lake akayahesabu mataulo. "Mbwa manne," akasema, "na sie watu sita tumewekewa sita membamba." Na kweli yalikuwa membamba, ukijifuta unajisikia unajifuta na leso.

Lakini sikilizeni. Mezani jikoni kuna daftari la masharti ya nyumba, na dada akaanza kutusomea kwa Kiswahili huku anatafsiri. Mbwa asipande juu, pana kigeti ngazini na kifungwe muda wote. Mbwa asipande kwenye kochi. Asilale vyumbani. Asiachwe ndani peke yake. Akitoka nje akoshwe miguu kwanza. Asipewe chakula kwenye sahani za watu, bakuli zake zioshewe kwenye beseni la kijichumba cha nyuma na si sinki la jikoni. Mama akamkatiza, akauliza huyu bibi Muislamu? Yaani utadhani masharti kayaandika shekhe wa madhehebu yetu ya Kishafii! Bibi wa watu anachunga mazulia yake tu, hana habari ya twahara ya mtu, lakini kwa familia kama yetu hilo daftari ndo lilotuokoa. Kuna nyumba nyengine dada aliziona zimeandikwa mbwa anakaribishwa kila pahala, hata kitandani, na picha kabisa ya mbwa kalala juu ya mto. Hiyo ukimpelekea mama yangu anarudi Birmingham kwa miguu.

Mie si mwanachuoni, kwa hivo nasema yale tulosomeshwa chuoni utotoni tu: sisi Mashafii mbwa ni najisi, akilamba chombo kinakoshwa mara saba na moja yake kwa udongo, na hata unywele wake hatusali nao. Wamaliki, madhehebu mengine, wana rai nyengine, kwao mbwa akiwa hai ni twahara, si najisi. Ila kikavu kikigusana na kikavu najisi haihami, na kumuweka mbwa kwa haja kama ulinzi au mifugo hilo linajulikana ruhusa yake, na shemeji akamkumbusha mama kuwa huko Leicester mwaka 2008 kuna msikiti ulimruhusu kijana asoona aje na mbwa wake wa kuongoza, wakamtengea mahala nje ya ukumbi wa kusalia. Mama akasema "nje", akalikamata hilo neno "nje" hakuliachia siku zote tatu.

Mpango wetu ukawa hivi. Chini ni kwa wote, juu ni kwa watu tu, tunasali juu. Jioni ya kwanza tukatafuta kibla. Mama kwa mazoea kauliza kaskazini iko wapi, mana sie Unguja na Pemba ukielekea kaskazini umeelekea Makka, na huku simu inatwambia kusini mashariki, basi akawa anaitazama simu kwa jicho baya, akamuuliza na shemeji, akamuuliza na mjukuu wake, wote watatu wakasema kusini mashariki ndo akaridhika. Akatandika mswala wake pembeni ya kitanda, dirisha mbele, nje kondoo. Hapo ndo malalamiko yangu yanapoanzia.

Nlikuwa chini natengeneza chai nikasikia "Njoo uone!" Nikapanda. Mama kapiga magoti, sala kaikata, kidole kakielekeza chini ya kitanda. Nikainama na taa ya simu. Nywele. Si moja wala mbili, kitonge kizima kimekaa pembeni ya mguu wa kitanda, nyeupe, za mawimbi mawimbi kama sufi ya mto. Na Tofi nywele zake ni fupi za rangi ya mkate, na hajawahi kukanyaga hata kidato cha kwanza. Yaani wageni walotangulia kigeti walikiona pambo, mbwa wao kalala chumbani, pengine kitandani, na alokuja kusafisha kapitisha mashine pale panapoonekana akaenda zake. Sasa masharti mazuri vipi kama hakuna anaeyasimamia? Hiyo ndo nukta yangu kubwa kuhusu nyumba hii na nyumba zote za aina hii, usiulize tu kama mbwa anaruhusiwa, uliza kachezea wapi na nani anakagua kabla hujaingia wewe.

Dada akampigia bibi mwenye nyumba. Haki yake tumpe, kaja ndani ya nusu saa, mtu mzima, koti la mvua, mashine ya kuvuta vumbi mkononi, kaomba radhi mpaka tukaona haya sisi. Akasogeza vitanda vyote, akalitoa lile busati dogo la chumbani, akatoa shuka akatia mpya mbele ya macho yetu. Akaacha na keki. Mama akauliza ina pombe? Ndio, kuuliza si ujinga, keki zao za matunda nyingi zinamiminiwa pombe kali. Hii ilikuwa ya limau, tukaila yote usiku uleule. Alivyoondoka mama akafuta tena sakafu mwenyewe kwa maji, akatandika kanga mbili na mswala juu, akasali upya.

Kosa la pili ni maji moto. Tangi ni dogo, watu watatu wakioga wa nne anaoga barafu, na bafu lenyewe la kukaa ndani, mabomba mawili mbalimbali, moja linatoa maji ya kuchemshia chai na la pili linatoa maji ya mtoni, katikati hakuna. Bomba la mvua lipo lakini nguvu zake sawa na birika. Ndo kopo likawa mfalme wa nyumba. Unachota moto, unachota baridi, unachanganya, unatawadha, unampa mwenzio. Shemeji alozaliwa Ng'ambo ya Unguja mjini akajitia kazoea mambo ya kizungu siku hizi, Jumamosi asubuhi namsikia anagonga mlango wa msala kwa sauti ya chini, "mama, kopo liko wapi?"

Jiko la kuni nalisifu. Kuni walituwekea kikapu kizima, ukiwasha saa moja sebule yote imepata moto, na tukapika pilau kwenye jiko la umeme la kawaida, masufuria yao yana upana mzuri. Simu hazishiki kabisa ukishatoka getini, intaneti ya ndani iko sawa lakini, kijana simu yake inamsomea kila kitu kwa sauti na haikukatika. Uzio wa bustani mzima isipokuwa chini ya geti pana uwazi, mbwa mdogo atapita, Tofi ni mkubwa alitoa pua tu. Na mashamba yote pale ni ya kondoo, sheria yao mbwa anaebughudhi kondoo mkulima anaweza hata kumpiga risasi na akawa na utetezi mahakamani, kwa hivo kamba haitoki mkononi.

Jumamosi tukaenda mjini. Ludlow ni mji mdogo juu ya kilima, mto Teme unauzunguka chini, na soko lao linakaa uwanjani mbele ya ngome, siku za Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumamosi. Usitegemee Darajani, soko letu la Unguja. Hakuna anaekuita, hakuna kelele, watu wanapanga mstari kununua mkate utadhani wanapanga kwa daktari. Kuna jibini, mikate, maua ya vyungu, matufaha ya kila rangi, na meza moja ya viungo. Mama akaenda mbio. Kuna kipakti cha karafuu, kidogo, akakinyanyua kwenye mwanga, akakigeuza, akakirudisha mezani polepole. "Makonyo," akasema, yaani vikonyo vitupu, si karafuu. Mwenye meza akamtabasamia akidhani kasifu.

Palepale ndo likatokea lile. Kijana kasimama na Tofi, Tofi kavaa mkanda wake wa kazi wenye mpini, na akishavaa huo yuko kazini, haruhusiwi kuchezewa wala kupewa kitu, akivuliwa ndo anakuwa mbwa wa kawaida. Mama mmoja wa kizungu akainama anamtomasa kichwa, na mkono wa pili kashika kipande cha soseji anampelekea mdomoni. Kabla dada hajafungua mdomo, mama yangu kaingia katikati, kanga imepepea, kidole juu, "Mwache bibi! Yuko kazini!" Kwa Kiswahili, kwa sauti ya kuitia mtu shamba la pili. Yule mama akarudisha mkono na soseji yake. Kijana alicheka mpaka akashika ubavu, akawatafsiria. Na mama palepale akarudi nyuma hatua mbili akakusanya kanga, mana katika kuingia kati ilikuwa karibu imguse mbwa pua.

Ngome iende mtu, ni ya karne ya 11 mwishoni, wanakuruhusu na mbwa wako akiwa na kamba. Humo ndo alifia Arthur, mtoto wa mfalme, mwaka 1502, kijana wa miaka 15 alooa juzi tu, na kufa kwake ndo kukampa ufalme mdogo wake, yule Henry wa nane wa wake sita. Mie minara sikupanda, goti. Kijana kapanda moja na baba yake, anasema kahesabu vidato na upepo wa juu ulimtosha. Mchana tulikula chips, na hapa tahadhari, uliza zinakaangwa kwa mafuta gani, wengine wanatumia mafuta ya ng'ombe. Duka la kwanza tuliuliza tukatoka, la pili wanatumia mafuta ya mimea.

Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zao zinarudi nyuma lisaa lizima, mtu asipokwambia utachekwa. Jumamosi magharibi iliingia saa kumi na mbili kasoro, Jumapili saa kumi na moja kasoro, mama akasema hii ni nchi gani jua wanalipangia wao. Tulikuwa tumetoka kutembea msitu wa Mortimer, karibu na mji, njia zake pana za changarawe, kwa asoona na mbwa wake ni raha kabisa. Zile njia za mashambani lakini sahau, kila uzio una vidato vya mbao vya kuvukia, mtu unapanda unashuka upande wa pili, mbwa mkubwa umnyanyue, na tope limefika kwenye kifundo. Tangazo la nyumba linasema njia za kutembea zinaanzia mlangoni. Zinaanza kweli, zinaishia kwenye uzio wa kwanza.

Haya zile pauni 25. Mbwa wa kuongoza asoona si mbwa wa matembezi, sheria yao ya usawa ya mwaka 2010 hairuhusu mtu kumtoza zaidi mlemavu kwa sababu ya mbwa wake wa msaada, na hata nyumba isiyopokea mbwa kwa kawaida haina ruhusa ya kumkatalia hivihivi. Dada hayo anayajua, ila mtandao walokodia nyumba hauna pahala pa kulisema, ukibonyeza "mbwa" pesa inakwenda. Akamwambia bibi siku ya kuondoka, bibi akatoa macho, akasema hakuna aliewahi kumwambia, akatia mkono kwenye mkoba akamrudishia kijana mwenyewe taslimu mkononi, ishirini na tano kamili. Mtandao wenyewe mpaka leo hawajajibu barua.

Kwa hivo nyota nne kwa kijichumba cha nyuma, kwa bibi na kwa jiko la kuni, ningetoa tano kama si zile nywele. Maji moto nimesamehe. Mwenye wazee wake wanaosali, na mtu wa familia mwenye mbwa wa kazi, anaweza kwenda, ila mpigieni simu mwenye nyumba siku mbili kabla mumuombe vyumba vya juu vivutwe vumbi chini ya vitanda, mataulo mubebe yenu, nendeni mwezi wa tano au wa sita jua linapokuwa refu, na mufike mapema, kuingia ni saa kumi jioni, kutoka saa nne asubuhi na hawana mchezo na saa nne hiyo.

Ile haraka ya saa nne ndo ikatufanya tusahau kopo. Wiki ya pili bibi akamtumia dada picha, kaandika kuwa kakuta kile chombo kizuri cha kumwagilia maua, je, atutumie kwa posta au tunamuachia? Dada akamwambia akae nacho tu. Sasa lipo dirishani jikoni, kalitia maji, ndani mna maua ya manjano, na kwenye picha za tangazo la nyumba ni ya tatu. Mama hajaambiwa.